Barua na Kile Isichosema

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, natumai makala haya yatakukuta u buheri wa afya kama nilivyo mimi hapa Gotu, kando ya Mto Ewaso Ng'iro. Ama baada ya salamu, dhumuni langu ni kukujulisha jambo.

Umeonaje? Hizo ni salamu tu, tena zimezeeka kuliko mimi na wewe. Lakini umehisi kidogo kana kwamba nakujua, na kwamba neno linalofuata ni lako peke yako wala si la shule nzima. Huo ndio mtego wa barua, na waandishi wa riwaya wameutumia kwa miaka mingi. Nataka tuuchunguze.

Yote yalianzia kwenye mjadala. Chama chetu kilijadili mada isemayo, "Simu imeua barua." Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono na tulishinda bila jasho, maana siku hizi ni nani anayelamba stempu? Ujumbe wa simu unafika Mombasa kabla hujafumba jicho, ikiwa mtandao upo, na mtandao kwetu ni jambo la kuomba Mungu. Baada ya makofi, mwalimu mlezi wa chama alisimama akasema neno moja tu: ati tumezungumza juu ya mwendo wa barua, lakini barua yenyewe hatujaigusa. Akatoa mkobani kitabu chembamba, jalada limechakaa, akanikabidhi mimi niliyepiga kelele zaidi.

Kitabu hicho kiliandikwa na Mjerumani Johann Wolfgang von Goethe, kikachapishwa Leipzig mwaka wa 1774, mwandishi akiwa na umri wa miaka 25. Kwa Kijerumani kinaitwa Die Leiden des jungen Werthers, yaani Mateso ya Kijana Werther. Nilikisoma katika tafsiri ya Kiingereza, kamusi mkononi, majuma mawili usiku kwa taa ya sola.

Hadithi yenyewe ni fupi. Werther ni kijana msomi, mpenda kuchora, aliyefika katika mji mdogo kwa shughuli za familia. Anamwandikia rafiki yake Wilhelm, na barua ya kwanza ina tarehe 4 Mei 1771. Siku moja akielekea kwenye dansi anamkuta Lotte, msichana aliyefiwa na mama, akiwakatia wadogo zake mkate. Hapo nilicheka peke yangu. Nilitarajia binti wa riwaya ya Ulaya awe ameketi kwenye kiti cha dhahabu, kumbe anagawa mkate kama dada mkubwa yeyote wa hapa kwetu, watoto wamemzunguka, huyu anavuta nguo, yule analia kipande chake ni kidogo. Lotte ana mchumba, Albert, na Werther aliambiwa hilo mapema. Anapenda tu. Tena Albert ni mtu mwema, mpole, hana kosa. Hakuna jambazi katika riwaya hii, na nafikiri ndiyo sababu inauma. Werther anaondoka, anapata kazi kwa balozi, mabwana wakubwa wanamdharau kwa kuwa si wa ukoo wao, anarudi na kukuta Lotte ameshaolewa. Desemba 1772 anajitoa uhai.

Nilipoisimulia hivyo chamani, mvulana mmoja wa darasa letu aliuliza, "Si angetafuta mwingine?" Watu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Mimi pia nilikuwa nimeshapita pale pa kucheka, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni kwa nini. Hadithi ya kijana aliyempenda mchumba wa mtu tumeisikia mara mia. Kwa nini hii ilinishika shati?

Sababu ya kwanza iko kwenye sarufi, wala usicheke. Chukua riwaya yoyote ya kawaida tunayosoma darasani uhesabu viambishi vya wakati. Utakutana na -li- kila mstari: alikwenda, alimwona, alilia. Msimulizi yuko mwisho wa safari na anatazama nyuma, kwa hiyo hata akilia tunajua alifika. Hata msimulizi wa nafsi ya kwanza anayejieleza mwenyewe yuko salama namna hiyo, maana amebaki hai kusimulia. Sasa tazama barua. Mwandishi wa barua anatumia -na- na -me- na -ta-. Ninamngoja. Amepita sasa hivi. Kesho nitakwenda. Yeye hajui kesho, sisi hatujui kesho, na karatasi ina tarehe juu. Taharuki inajileta yenyewe, hakuna haja ya kuipikia chungu. Unasoma tarehe ya barua inayofuata, unaona siku kumi zimepita kimya, tayari moyo umeanza kudunda: siku kumi hizo amekuwa wapi?

Sababu ya pili ndiyo kubwa, na hiyo sikuipata kitabuni. Niliipata kwenye mkebe wa nyanya.

Goethe alifanya jambo la ajabu. Katika kitabu kizima barua za Wilhelm hazipo hata moja. Tunasoma za Werther tu. Unajua unapoketi kwenye matatu karibu na mtu anayeongea kwa simu? Unasikia, "Hapana... nani amekwambia?... haya, lakini mtoto je?" Hutaki kusikiliza lakini huwezi kuacha, na akili yako inaanza kushona ule upande usiousikia. Msomaji wa Werther anafanya kazi hiyo kutoka mwanzo mpaka karibu na mwisho. Kwa mfano barua ya tarehe 8 Agosti: tunajua Wilhelm alimshauri kwamba ama ana tumaini juu ya Lotte au hana, na kama hana aachane naye. Tunalijua hilo kwa kuwa Werther anabishana nalo. Ushauri wenyewe hatuuoni, tunauona ukikataliwa.

Mimi nilisoma hayo nikaandika kwenye daftari langu "mbinu nzuri," basi. Kisha likizo ya Aprili ikafika.

Nyanya yangu mzaa mama, akko kama tumwitavyo kwa Kiborana, hakusoma. Lakini ana mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa barua. Ni za mjomba wangu, kifungua mimba wake, aliyekwenda Mombasa miaka ya tisini kutafuta kazi akapata ya kulinda bohari. Zamani hizo barua ilitumwa kwa sanduku la posta la mwenye duka mjini Isiolo, ikakaa hapo hadi apatikane dereva wa lori la Merti, naye akaiacha hapa darajani. Ilichukua juma moja, au mwezi, au mvua ikiharibu barabara haikufika. Aliyemsomea nyanya barua hizo, na aliyemwandikia majibu, alikuwa mama yangu, wakati huo mtoto wa shule ya msingi. Nyanya alisema kwa Kiborana, mama akaandika kwa Kiswahili.

Nyanya aliponiona na kitabu cha Werther aliuliza kina nini ndani. Nikamwambia, ni barua za kijana fulani kwa rafiki yake. Akasema, "Na mimi ninazo," akauleta mkebe. Tulisoma jioni tatu mfululizo. Salamu za mjomba zilijaza nusu ukurasa kila mara: wote wakubwa kwa wadogo, ng'ombe, mbuzi, majirani. Nilikuwa naanza kusinzia. Jioni ya tatu nikafungua barua ya mwaka wa 2000, nikasoma kwa sauti na kutafsiri kama nilivyokuwa nikifanya: kwamba amefurahi kusikia mvua imenyesha na ng'ombe wananenepa, na kwa hiyo hatakuja mwezi ule kama alivyokuwa amekusudia, ataendelea na kazi.

Nyanya akauliza, "Mvua gani?"

Ndugu msomaji, kama unatoka sehemu hizi huhitaji kuelezwa. Kama hutoki, jua kwamba 1999 na 2000 ilikuwa miaka ya ukame mkali kaskazini mwa Kenya. Mvua kubwa ya El Niño ya 1997 na 1998 ilikuwa imepita zamani. Mwaka wa 2000 nyanya alibaki na ng'ombe wawili, halafu hakuna. Alichosema wakati ule, na anakikumbuka neno kwa neno, ni: mwambie ng'ombe wamekwisha, aje. Kumbe barua iliyokwenda Mombasa ilisema mvua imenyesha. Na barua hii ya jibu iliporudi, aliyeisoma aliruka mstari huo, nyanya akabaki akijua tu kwamba mwanawe hakuja.

Mama alikuwa jikoni. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akatuambia. Alikuwa darasa la saba. Miaka hiyo shule ya msingi ilikuwa na karo, maana elimu ya bure ilianza Januari 2003, na karo yake ilikuwa ikitoka kwenye mshahara wa mjomba. Mjomba akiacha kazi, basi na shule imekwisha. Mtoto wa miaka 13 na kalamu mkononi. Mama ameniruhusu kuandika haya, alisema hata afadhali.

Nimesimulia mambo ya nyumbani kwa sababu hapo ndipo nilipoielewa riwaya ya barua kuliko nilivyoielewa kwa kamusi. Ile barua ya mama iliyosema uongo haipo mkebeni. Haiwezi kuwepo, ilikwenda Mombasa. Nimeijua kwa jibu lake. Na jambo lililobadili maisha ya watu watatu lilikuwa kwenye karatasi ambayo mimi sijawahi kuiona.

Usiku ule nilirudi kwa Werther nikatafuta mahali ambapo nilikuwa nimepita haraka. Ni barua ya tarehe 20 Desemba, karibu na mwisho. Wilhelm ameshtuka, tunaona. Ameandika kwamba anataka kuja kumchukua rafiki yake. Werther anamshukuru, anamwambia wazo ni zuri, ila asubiri kwanza wiki mbili hivi. Wiki mbili! Siku chache baadaye Werther hayuko duniani. Wilhelm alikuwa tayari kufunga safari, na kilichomzuia ni barua ya kiungwana yenye shukrani ndani yake. Darasani tunafundishwa kinaya, kwamba msomaji anajua jambo ambalo mhusika halijui. Hapo kinaya hakikuwa tena swali la alama mbili. Nilitaka kumpigia Wilhelm kelele aondoke sasa hivi, asingoje. Mjomba naye angekuja mwezi ule.

Karibu na hapo barua zinakatika na mtu mwingine anaingia, mhariri asiye na jina, anayekusanya karatasi na kutueleza yaliyobaki kwa sauti kavu. Wengine wanasema hii ni kasoro ya kitabu. Mimi naona hakuna njia nyingine. Mwandishi wa barua hawezi kukuandikia kuhusu maziko yake. Na ule ukavu wa mhariri baada ya joto la Werther ni kama kutoka kwenye nyumba ya watu na kusimama kwenye upepo.

Watu wa wakati ule walichanganyikiwa na kitabu hiki, si mchezo. Vijana walivaa kama Werther, koti la buluu na kizibao cha manjano. Mwaka wa 1775 mji wa Leipzig ulipiga marufuku kitabu na hata mavazi hayo. Palikuwa na hofu kwamba wasomaji wangemwiga hata mwisho wake. Napoleon mwenyewe alikuwa msomaji wake, na mwaka wa 1808 alipokutana na Goethe huko Erfurt walikizungumzia. Mwaka wa 1974, miaka 200 kamili baada ya kitabu, mtaalamu wa Marekani David Phillips alitumia jina la Werther kuita hali ya watu kuigana katika kujiua baada ya habari kama hizo kutangazwa sana. Kwa hiyo waliokuwa na hofu hawakuwa wajinga. Sauti moja inayokunong'oneza usiku, wewe na yeye tu, bila mtu wa tatu kusema "lakini," ina nguvu nyingi. Kuupiga marufuku mtego huo hakusaidii, nafikiri. Kinachosaidia ni kusoma huku ukiuliza Wilhelm alisema nini. Na rafiki yako akikuandikia, hata kwa simu, kwamba amechoka na maisha na usije kwanza, usimtii. Nenda, na umwite mwalimu au mtu mzima njiani.

Huenda utaniambia kwamba hayo ni mambo ya Ujerumani. Basi njoo Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni. Wasichana wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha kwa siri, akiiga herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Nilipomweleza nyanya hilo alifurahi kuliko yote niliyowahi kumsomea, maana mfupa huo anaujua, ni mpana kama kibao. Na kalamu ile haikukaa bure. Mwaka wa 1859, akiwa na umri wa miaka 15, ndiye aliyemwandikia barua kaka yake Barghash katika njama za kumpindua Majid, kaka yao aliyekuwa kwenye kiti. Njama zilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Unaona, mwandishi wa barua za watu wengine si kitu kidogo, awe binti wa sultani au mtoto wa darasa la saba.

Mwaka wa 1866 Salme alitoroka Zanzibar kwa ajili ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Waliooana Aden mwaka uliofuata, akabatizwa jina la Emily, wakaenda Hamburg. Mwaka wa 1870 mumewe aligongwa na tramu ya farasi akafa, akamwacha na watoto watatu katika nchi ya baridi. Mwaka wa 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na hizo ndizo zinazojulikana. Lakini aliacha maandishi mengine, Briefe nach der Heimat, Barua kwa Nyumbani, nayo yameandikwa kama barua kwa rafiki wa kike aliyebaki Zanzibar. Alifariki Jena mwaka wa 1924 maandishi hayo yakiwa hayajachapishwa. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka Leiden mwaka wa 1993, na Kijerumani chenyewe mwaka wa 1999.

Jiulize: kwa nini barua? Alikuwa ameshaandika kitabu kizima bila kumwandikia mtu. Lakini kumbukumbu zile zilikuwa za kuwaeleza Wazungu Zanzibar ni nini. Kumweleza mtu wa Zanzibar Ulaya ni nini, baridi yake, upweke wake, aibu ya kutokujua lugha, hilo lilihitaji sikio la kwao. Akalibuni sikio akaliandikia, katika lugha ambayo rafiki wa Zanzibar asingeweza kuisoma. Hapo mimi husimama kila mara. Werther ana Wilhelm anayejibu ingawa hatumsikii. Rafiki wa Salme hajibu popote.

Hata mama wa Senegali, Mariama Bâ, alipotaka kuandika juu ya mke aliyeletewa mke wa pili, alichagua barua. Riwaya yake ya 1979 ilipata Tuzo ya Noma mwaka wa 1980, na kwa Kiswahili inaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye yuko edani, hatoki nyumbani, anamwandikia rafiki yake Aissatou. Mama aliyekaa eda hapa Gotu angeielewa kabla ya mhakiki yeyote. Natamani chama kiinunulie maktaba nakala mbili.

Kwa wale wanaotaka kujaribu umbo hili kwenye insha, nawapa niliyojifunza kwa kufutwa na kalamu nyekundu. Usimfanye mhusika amweleze rafiki yake mambo ambayo rafiki anayajua, kama "wewe ambaye ni ndugu yangu tuliyesoma pamoja." Hakuna anayeandika hivyo. Mwache aandikie watu wawili tofauti siku moja kuhusu jambo moja, kwa baba hivi, kwa rafiki vile, uone uongo unavyojitokeza bila wewe kuutaja. Na acha barua moja ipotee.

Kuhusu mkebe, nyanya hakumgombeza mama. Alisema tu kwamba mtoto alitaka shule na shule aliipata. Siku ya kufungua muhula aliniita, akasema nimwandikie mjomba. Nikamwambia mjomba ana simu, tutampigia nikifika mahali penye mtandao. Akasema hapana, anataka karatasi. Akasema kwa Kiborana, nami nikaandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu. Nilipomaliza alinitaka nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. Akaninyang'anya karatasi, akaitazama juu chini kana kwamba anahesabu mistari, akanirudishia.

"Soma tena," akasema, "na polepole."